Mguu wa Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Wadogo zangu wa zamu ya asubuhi, siku niliyostaafu mlinipa keki, mkanipa kadi yenye majina yenu wote, halafu mkaniomba niandike "jinsi ulivyoanza, Mzee Elie." Keki imekwisha, kwa hiyo naandika. Vyeo sitaviandika kwa sababu sikuwa navyo, na mshahara wangu mnaujua, ulikuwa uleule wenu. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, nani alinifundisha, na ile siku moja hapa Buffalo ambapo nusura nisiwe muuguzi kabisa kwa kosa la kusalimia. Kiswahili changu mkivumilie. Kilizaliwa Fizi, Kongo, kikanyooshwa na Watanzania miaka kumi na sita kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kikaja kuharibika upya Marekani.

Kambini nilikuwa mhudumu wa zahanati. Nilichanja watoto, nilifunga vidonda, nilipima homa za watu ambao hata foleni yao sikuona mwisho wake. Tulipofika Louisville, mimi na mke wangu Mapendo, nilikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro kidogo, na cheti changu cha kambi kilikuwa kimelaminishwa vizuri. Dada wa ofisi ya kuwatafutia wakimbizi kazi alikitazama mbele, akakitazama nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha picha ya marehemu. Wenzangu wakaenda maghalani. Mimi nikasema nitatafuta nyumba ya wazee, hata kama ni kufagia.

Hawakunipa ufagio, walinipa kitanda. Siku ya kwanza mama mmoja aitwaye Wanda, msaidizi wa wauguzi tangu ujana wake, alinifanya nitandike kitanda kilekile mara tisa. Kona ya shuka lazima ikunjwe pembe, ibanwe chini ya godoro, isilegee. Ya kwanza akaing'oa. Ya pili akaing'oa. Ya tisa akaivuta, akaniangalia, akaivuta tena, halafu akaenda kunywa kahawa. Nilielewa kwamba nimefaulu. Mlipokuwa mkikunja kona ya shuka mkaniona napita nikiivuta kidogo, yule hakuwa mimi, yule alikuwa Wanda.

Shuka zilinikubali, majina yakanishinda. Mlangoni kwa mzee mmoja wa miaka tisini na zaidi paliandikwa Bob. Nikaambiwa nimwite Bob. Mimi! Mtu anayeweza kumzaa baba yangu, nimwite Bob kama tulichunga mbuzi pamoja! Wiki mbili nzima nilikuwa nikiingia, nakohoa, nasema habari za asubuhi kwa ukuta. Mwishowe nikaanza kumwita Sir Bob. Alifurahi mno. Aliwaambia wenzake mezani kwamba amepewa cheo, na kabla ya Krismasi nilikuwa na Sir wanne na Lady mmoja.

Baada ya mwaka na kitu tulihamia Columbus, upande wa Whitehall, kwa sababu marafiki wa Mapendo wa kwaya ya kambini walikuwa huko. Whitehall bila gari wewe ni mti tu, unakaa palepale ulipopandwa. Aliyeniokoa ni Salma, Mtanzania wa Tanga, muuguzi mwenye leseni ya aina hii mliyonayo nyinyi, LPN. Tulifanya kazi nyumba moja ya wazee na alikuwa akinichukua asubuhi kwa gari lake dogo la kijani. Ndani ya lile gari ndipo nilipoanza shule bila kujua. Tukisimama kwenye taa nyekundu ananiuliza dawa hii kazi yake nini. Taa ikiwa ya kijani kabla sijajibu, anasema, "Ameshakufa huyo, Elie. Wa pili!"

Siku moja alinikuta natazama kidonda cha bibi mmoja ambacho sikuruhusiwa kukigusa. Msaidizi haruhusiwi, anatazama tu. Nilikuwa najua kabisa kwamba bandeji imefungwa vibaya na mikono yangu ilikuwa inawasha.

"Kasome," akasema Salma tukiwa njiani kurudi.

"Dada Salma, nina miaka hamsini na moja."

"Kwani usiposoma ndiyo itasimama hapohapo?"

Tukafika kwangu. Nilishuka nikafunga mlango wa gari kwa nguvu kidogo, maana alikuwa amesema kweli na ilikuwa inaniuma. Usiku huo Mapendo naye akaniambia maneno yaleyale, nikajua wamepanga.

Shule yenye nafasi tuliipata Buffalo. Programu ya mwaka mmoja, masomo mchana. Tukahama tena. Tukapata ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, West Side, ngazi zinalia kila ukikanyaga, jirani wa chini Mburma na wa pili Msomali. Mapendo akapata kazi kwenye duka la kufulia nguo za hoteli. Alisema mbele ya watu, kanisani, kwamba mume wake anasoma uuguzi. Sasa mkitaka kujua jinsi mwanaume anavyofungwa kamba, ndivyo hivyo.

Darasani tulikuwa ishirini na wawili. Wengi walikuwa wasichana wa umri wa binti yangu, na walinipenda tangu siku niliyoinua mkono kuuliza swali nikasimama wima, kama tulivyofundishwa kwetu. Darasa zima likacheka, halafu kuanzia kesho yake wote wakawa wanasimama wakiuliza, kwa utani, na utani ule ulidumu mpaka mwisho wa mwaka. Mahesabu ya dawa niliyaweza. Magonjwa niliyaweza. Kiingereza kilikuwa kinakuja kwa kuchechemea, lakini kilikuwa kinafika.

Mwalimu wetu wa mazoezi ya wodini alikuwa Misi Nowak. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuma Lackawanna enzi viwanda vinawaka, na yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, mwenye saa ya mkononi kubwa ya kiume yenye mshale wa sekunde. "Nunua saa yenye mshale," alituambia siku ya kwanza. "Simu itakuzimikia, kompyuta itakuzimikia, mapigo ya moyo wa mgonjwa hayatakusubiri." Ndiyo maana mpaka nastaafu nilikuwa na saa ya mshale na nyinyi mkinicheka. Misi Nowak hakupiga kelele kamwe. Alikuwa anasema "hmm." Kuna "hmm" ya kwamba umefanya vizuri na "hmm" ya kwamba umemuua mtu, na sisi tulihitaji miezi mitatu kuzitofautisha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kila mwanafunzi alipaswa kufanya kazi kadhaa mbele ya mwalimu, juu ya mgonjwa wa kweli, na kutiwa sahihi. Yangu ya mwisho ilikuwa kusafisha na kufunga kidonda. Mara ya kwanza nilianguka. Nilikuwa nimeshavaa glavu safi, vifaa vimepangwa juu ya kitambaa safi, kila kitu sawasawa, halafu miwani yangu ikateleza puani na mimi nikaisukuma juu kwa kidole. Kwa kidole chenye glavu! Misi Nowak akasema "hmm," na haikuwa ile nzuri. Sheria ya shule ilikuwa wazi: unaanguka mara mbili, unatoka. Unasubiri mwaka ujao, ukipenda, ukiwa bado na nguvu. Nayo siku yangu ya marudio ilikuwa ya mwisho ya mazoezi. Miwani nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya kiatu nyuma ya kichwa.

Asubuhi ile kwenye ile nyumba ya matibabu palikuwa na mgonjwa mmoja tu mwenye kidonda cha kufunga. Misi Nowak alinijia anatabasamu, jambo ambalo si la kawaida.

"Elie, una bahati. Chumba cha mwisho kuna mama kutoka Kongo. Kisukari, kidonda cha mguu wa kushoto. Amekataa kuguswa siku tatu. Tumempa mkalimani wa simu, wakagombana. Daktari anasema kidonda kisiposafishwa leo, kesho wataanza kuzungumza habari ya kukata. Wewe unasema lugha yake. Nenda, jitambulishe, mtulize. Nakuja baada ya dakika tano na fomu."

Bahati kweli! Niliingia natembea juu ya mawingu. Utaratibu, kama mnavyojua, ni huu: unanawa mikono, unasema jina lako na kwamba wewe ni mwanafunzi, unamuuliza mgonjwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na kile kikanda cha mkononi. Basi. Ningefanya hivyo tu, habari ingeishia hapa.

Lakini nilimkuta mama wa makamo ya mama yangu, amejifunga kitenge juu ya gauni la hospitali, amekaa anatazama theluji dirishani kama mtu aliyetukanwa nayo. Hivi kweli mngeanza kwa kumuuliza amezaliwa lini?

"Mama, shikamoo," nikasema. Hiyo nilijifunza Tanzania.

Akageuka na mwili wote. "Eh! Mungu yangu! Unasema Kiswahili? Uko mutu ya wapi?"

"Kongo, Mama. Fizi."

"Fizi! Fasi gani ya Fizi?"

"Baraka."

"Baraka! Bon, kaa. Kaa hapa. Uko mutoto ya nani?"

Nikakaa. Nikamtaja baba yangu, akamjua babu yangu. Akaniambia yeye ametoka kambi ya Uganda, na kwamba yeye na mwanawe wamefika mwezi uliopita tu, na kwamba hapa wanampa mkate laini usio na ladha ya kitu chochote. Alikuwa anacheka. Siku tatu hakucheka na mtu, sasa anacheka nami, na mimi najisifu moyoni: ona kazi ya Elie, ona anavyomtuliza mgonjwa. Mguu umenyooshwa kitandani, soksi imegandia kwenye kidonda, nasikia harufu yake kutoka nilipokaa, nimeshaanza kupanga kichwani nitaanzia wapi.

"Na bibi yako?" akauliza. "Ulioa kwa nani?"

"Nilioa kambini, Mama. Nimeoa Mapendo, binti ya Mwalimu Lukas wa Baraka."

Kicheko kikakatika. "Lukas ule mwenye kupigisha kwaya? Bibi yake ni..." akamtaja kwa jina.

"Ndiyo, marehemu mama mkwe wangu."

"Ule marehemu ni dada yangu," akasema. "Mimi ndiye wa kumufuata."

Tulitazamana kwa nukta moja. Halafu yeye akavuta shuka akajifunika mpaka utosini, na mimi nikaruka kutoka kitini nikageukia ukuta.

Nyinyi mliozaliwa huku, niwaeleze. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, jina lake hulitamki. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Si chuki hata kidogo. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizonazo. Na mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile, hana upungufu. Ndiyo maana sitalitaja jina lake hapa. Sheria ya siri za wagonjwa inakataza na desturi ya Fizi inakataza, na ni mara chache nimeziona hizo mbili zikikubaliana hivyo.

"Toka, mukwe wangu!" sauti ikasema chini ya shuka. "Unataka kuniona miguu? Haya gani hii!"

"Mama, samahani sana," nikauambia ukuta.

Dakika moja nyuma nilikuwa na leseni yangu mkononi, na nimeitupa kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kuuliza na kuulizwa habari za ukoo kama tuko kwenye harusi. Nikimgusa, nimemvunjia heshima mama wa mke wangu. Nisipomgusa, mimi naanguka, na mguu nao unakatwa.

Hapo Misi Nowak akaingia na fomu yake. Akamkuta mgonjwa amejifunika kama maiti na mwanafunzi anaongea na ukuta.

"Elie," akasema taratibu, "nilikupa dakika tano."

Nikamweleza kila kitu, bila kugeuka. Aliuliza maswali mawili tu. Nilikuwa nimewahi kumwona mama huyu kabla ya leo? Sijawahi. Tunaishi nyumba moja? Hapana. "Basi kwa kitabu cha shule si ndugu yako," akasema. "Kwa kitabu chake mwenyewe je, hakuna dawa ya jambo hili?"

Nikamtafsiria Mama. Shuka likatikisika, likafikiri.

"Dawa iko," likasema. "Mukwe analeta mbuzi. Anaileta, tunaikula, donc tunaweza kuonana. Mbuzi iko wapi?"

Nikatafsiri. Misi Nowak alitazama fomu yake kama inaweza kuwa na sehemu ya mbuzi. "Mwambie mwanafunzi haruhusiwi kumpa mgonjwa zawadi," akasema. "Hata ndogo. Hata isiyo na pembe."

Nilisikia saa yake kubwa ikigonga. Nikaacha kujifikiria mwenyewe kwa mara ya kwanza asubuhi ile, nikasema kwa ule ukuta, polepole, kama ninavyomwambia mama yangu: "Mama, mimi niko tayari kutoka. Nitarudi nyumbani, nitamwambia Mapendo nimeanguka, basi, yatapita. Ila huu mguu, Mama, nausikia harufu. Nimefunga vidonda miaka mingi. Akija mwingine leo, yeyote yule, mkubalie. Mapendo amekulilia, wewe na marehemu, tangu vita vile vilivyowatenganisha. Akukute na miguu miwili."

Halafu nikasikia kitanda kinalia, na kidole kimoja kikatoka kwenye shuka kikaonyesha dari, pale palipo na reli ya pazia.

"Vuta ile rideau," akasema.

Masharti aliyatoa moja baada ya jingine, na Misi Nowak aliyapokea kama anapokea maagizo ya daktari. Pazia livutwe katikati ya kitanda, Mama abaki upande mmoja, mguu tu utoke upande wangu. Yule Madame, yaani Misi Nowak, akae naye upande wake amtazame uso. Mimi nisiseme naye moja kwa moja, niseme na Madame. Na kuhusu kugusa, akauliza: "Anavaa gants?"

"Nimevaa glavu mbili," nikasema, kwa Madame.

"Bon. Kama ni gants, si yeye ananigusa. Ni gants."

Mguu ukatoka. Kabla sijaugusa ukatoka na mkono wenye kile kikanda, nikakisoma kimyakimya, nikamwomba Misi Nowak atamke jina kwa niaba yangu, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa moja Januari, kama yangu, kama ya Mapendo, kama ya kambi nzima, maana makarani waliwaandikia hivyo wote wasioijua yao.

Sasa kazi. Nililowesha soksi kwa maji ya chumvi, sikuivuta. Mtu mwenye haraka huivuta na kidonda kinaanza upya. Nilisubiri mpaka ikajiachia yenyewe. Nikabadilisha glavu. Kidonda kilikuwa pembeni ya kisigino, kirefu kama kidole gumba, kingo nyeupe, katikati kijivu, lakini chini ya ule uchafu niliona wekundu, ule wekundu mzuri wa nyama inayotaka kuishi. Nilifurahi nikataka kupiga kelele. Nikakipima kwa rula ya karatasi, nikasafisha kutoka katikati kwenda nje, kila mfuto na kipande chake cha shashi.

"Misi Nowak," nikasema kwa Kiswahili, nalitazama pazia, "mwulize Mama maumivu yake ni ngapi, kutoka sifuri mpaka kumi."

Misi Nowak, ambaye hajui hata habari gani, alisema "hmm."

"Madame," Mama akajibu upande wa pili, "umwambie ule bwana ni mbili tu. Aendelee. Na umwambie ana mukono muzuri."

"Hmm," akasema Misi Nowak, na ilikuwa ile nzuri, naijua.

"Misi Nowak, mwambie Mama asante. Na kwamba sasa nitabonyeza kidogo, asishtuke."

"Madame, mwambie sisi tulipita misitu kwa miguu, hatushtuke na pamba."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho, sisi watatu, na mmoja wetu haelewi neno. Miwani iliteleza. Niliiacha iteleze. Nilifunga nikitazama kwa juu ya fremu kama babu anayesoma Biblia, na kamba ya kiatu ikaizuia isianguke. Nikaandika tarehe na herufi zangu juu ya plasta. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Nje ya chumba Misi Nowak alisimama kwenye korido na fomu. Vipengele vyote aliviwekea alama, nikihesabu kwa macho, mpaka akafika kimoja na kalamu ikasimama. Nilikisoma kichwa chini: mwanafunzi awasiliane na mgonjwa moja kwa moja.

"Hukusema naye moja kwa moja," akasema.

"Hapana, Misi. Sikusema."

Alisoma tena kile kipengele. Akarudi chumbani, akafungua pazia kidogo, akamwonyesha Mama kidole gumba juu, kidole gumba chini, akiuliza kwa nyusi. Sikuona Mama alijibu nini, maana nilikuwa nimegeukia ukuta wa korido. Alirudi, akaandika pembeni maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo: "Aliwasiliana na mgonjwa kwa njia aliyoichagua mgonjwa." Akatia alama. Akatia sahihi. Nikamkumbatia kabla sijafikiri, na yeye akanipigapiga mgongoni mara mbili, akasema, "Haya, haya. Nenda kanawe mikono."

Ruhusa ya kumwambia Mapendo ilitoka kwa Mama mwenyewe, kupitia Madame, kwa sheria zote. Mapendo alikuja mchana uleule kwa mabasi mawili, na nguo ya kazi, amesahau koti. Mimi nilibaki koridoni. Kelele zilizotoka kwenye chumba kile ziliwatoa wahudumu wa sakafu nzima mbio, wakidhani kuna msiba, nami nikawa nasimama mlangoni nawaambia hapana, hapana, ni furaha, acheni walie.

Mazoezi yangu yakawa yamekwisha, hivyo kidonda kikafungwa na wengine. Mama sasa alimkubali kila mtu, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kumpelekea malalamiko jioni. Mapendo alikuwa akirudi nyumbani ananipimia kwa kidole chake: leo kimefika hapa, leo kimekuwa kama ukucha, leo kimebaki kama punje ya mchele. Nilikuwa nasoma kwa mtihani wa leseni huku nangoja habari za kisigino.

Mlikuwa mkiniuliza kila mara kwa nini nawakatisha mkiingia chumbani na maneno mengi. Ndiyo sababu. Jina kwanza, tarehe ya kuzaliwa, kikanda. Salamu, ndiyo, salamu ni lazima, mtu si kiti. Lakini habari za ukoo ulizeni baada ya kufunga bandeji.

Kutunukiwa pini, yaani mahafali yetu ya uuguzi, kulifanyika ukumbi wa kanisa, hapo West Side, alasiri ya jua. Tulikuwa kumi na sita tuliofika mwisho, tumevaa nyeupe, tumesimama jukwaani, familia zimejaa. Nilimtafuta Mapendo nikamwona mstari wa tatu na kitenge kipya. Pembeni yake, kwenye kiti cha ukingoni, niliona mgongo. Viti vyote vya ukumbi vilitazama jukwaa, kimoja tu kiligeuzwa kikatazama mlango, na juu yake amekaa mama amenyooka, kilemba cha njano, hatazami jukwaa kabisa. Kijana wa kupanga watu alimwendea kumsaidia kugeuza kiti. Misi Nowak alimshika kijana yule begani, akamwambia kitu, wakamwacha.

Alikuwa ameingia kwa kutembea. Mapendo aliniambia baadaye kwamba alikataa kiti cha magurudumu tangu kwenye gari.

Wakaita jina langu. Watu wakapiga makofi, Mapendo akapiga vigelegele, na mgongo ule haukugeuka hata kidogo. Ila mguu wa kushoto ulitoka pembeni ya kiti, ukanyooka kwenye njia ya katikati mahali ambapo ningeuona vizuri, umevaa kiatu cheusi kipya, na ukatikiswa mara tatu.